Motere ikigonga, tusikilize kabla ya kufungua



Katika mikutano mingi tunayofika, kisha kuzungumza juu ya mbegu, mbolea na bei ya maharagi, kuna jambo moja linalorudi karibu kila mara kwenye saa ya mwisho: kamionete iko inagonga. Hapo mkutano unagawanyika. Wengine wanasema, "Inagonga, ndiyo, lakini inatembea. Tumalize kwanza kupeleka viazi Goma, tutaona kisha msimu." Wengine wanasema, "Ile motere imekufa. Tukusanye franga, tununue ingine." Maoni yetu ni kwamba pande zote mbili zinaamua mbele ya kujua. Hakuna aliyemuuliza shofere: inagonga namna gani? Wakati gani? Ikiwa ya baridi ao ya moto? Kwenye mlima ao kwenye tambarare?

Kuna atakayeuliza maagronome wanatafuta nini kwenye mambo ya garaji. Jibu ni rahisi. Viazi vinavyooza juu ya gari iliyolala kando ya barabara kisha Nyabiondo vilipandwa kwa mbegu tuliyochagua pamoja. Maziwa na fromage ya Masisi havingoji. Mawese ya Walikale yanaweza kungoja, lakini mama aliyeyakopea franga hawezi. Kazi yote ya shamba inapita mwishowe katika motere moja ya zamani, Hilux ao Land Cruiser iliyokwisha kupita mikononi mwa wenye watatu ao wanne, na ile motere ikisimama, msimu nao unasimama.

Na kusema kweli, nyinyi wakulima munajua tayari kazi hii ya kutafuta ugonjwa kwa dalili. Mwaka wa 2001, ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza katika Kongo, na ulionekana hapa hapa, katika teritware ya Masisi. Wakati ule majani ya manjano yalimaanisha kila kitu: jua, njaa ya udongo, fuko, uchawi. Leo mkulima anakata shina na kuangalia. Ikitoka maji ya manjano yenye kunata, ni bakteria. Ikionekana mistari ya kahawia yenye wekundu ndani ya shina na tunda liko zima, ni ugonjwa mwingine. Na tulijifunza pia kwamba si lazima kung'oa shina lote la familia: unakata lile moja lenye ugonjwa, chini kabisa, kwa panga iliyopitishwa kwenye moto, na unaendelea kulinda shamba. Motere inaomba akili ile ile. Kugonga ni jani la manjano. Lina sababu mingi, na kila sababu ina dawa yake na bei yake.

Kipimo cha kwanza kinafanyika barabarani na hakiombi ufunguo wowote. Gari inapanda, imebeba, na unasikia sauti kali ya chuma chepesi, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Shofere apunguze gazi na kurudisha vitesi moja chini. Sauti ikipotea palepale, mara mingi shida iko kwenye moto unaowaka ndani ya silinda: esanse, reglaji, ao joto. Sauti ikibaki, nzito, tok-tok-tok, na ikifuata mwendo wa motere hata gari ikiwa imesimama, basi tuogope chuma chenyewe. Hizi ni njia mbili tofauti kabisa, na kuzichanganya ndiko kunakokula franga ya koperative.

Tuanze na moto, kwa zile kamionete za esanse. Esanse inapaswa kuwashwa na buji, na moto kutembea taratibu mpaka mwisho wa silinda. Esanse ikiwa dhaifu, ao silinda ikiwa ya moto sana, sehemu iliyobaki inawaka yenyewe mbele ya kufikiwa, kwa ghafla, na mshindo unapiga pistoni. Ile sauti ya misumari ndiyo hiyo. Ikiendelea siku nyingi, inakula pistoni na inavunja segma.

Sasa, kwetu kuna jambo ambalo mafundi wa tambarare hawalifikirii. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari. Malisho ya Masisi yanapita mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, inaingia kidogo katika silinda, msukumo ndani unapungua, na hata esanse dhaifu inavumilia. Halafu gari ile ile inashuka, Nyabiondo, Kashebere, Kibua, mpaka Walikale-centre, chini ya mita 1,000, kwenye joto na hewa nzito. Silinda inajaa vizuri kuliko Masisi, msukumo unapanda, na motere inaanza kugonga. Shofere anasema njia ya Walikale imeharibu motere. Mara mingi njia haijaharibu kitu: imeonyesha tu udhaifu uliokuwa umejificha kule juu. Na kuna fundi wa Masisi ambaye, ili gari ipate nguvu kwenye mlima, alizungusha delko na kuwahisha cheche. Kule juu alifanya vizuri. Kule chini reglaji ile ni sumu. Gari inayofanya kazi kwenye pande zote mbili inapaswa kupimwa kwa upande wa chini, hata kama itakuwa mvivu kidogo kwenye mlima wa Mushaki. Tunajua mashofere hawapendi kusikia hivyo.

Kisha esanse yenyewe. Wengi wetu tunanunua kwa bidoni, kwa Kadhafi wa barabarani, sababu stasyo iko mbali ao haina kitu. Hatusemi kila Kadhafi ni mwizi. Lakini petroli, ile ya taa, ina bei yake na inajificha vizuri ndani ya esanse, na haina nguvu ya kuzuia ule mshindo. Kipimo ni hiki: dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, ngoja dakika chache kwenye hewa. Esanse safi inapotea yote. Ikibaki alama ya mafuta, imechanganywa. Karatasi ya kaye inatosha, na muuzaji aliye mwaminifu hatakasirika. Fanyeni mbali na sigara na makaa.

Mambo mengine ya upande wa moto tutayapita haraka: radiatere iliyojaa matope ya njia, maji yaliyopungua, makaa meusi yaliyoshikana juu ya pistoni za motere ya zamani, buji ambayo si ya motere ile. Na tabia moja: kupanda na vitesi ya tatu, motere inazunguka polepole huku inavuta mzigo wa mara mbili. Kamionete ya namna hii ilitengenezwa kubeba tani moja hivi. Tunaona inabeba magunia mpaka yanapita kabini, na juu ya magunia watu kumi. Hapo motere kugonga ndiyo njia yake ya kulalamika.

Kwa gari za mazutu mambo yanabadilika, sababu motere ya mazutu inagonga siku zote, ndiyo asili yake. Swali ni kama sauti imebadilika. Ikigonga sana asubuhi na kutulia ikipata moto, mara mingi si hatari. Ikigonga sana kwenye silinda moja, na moshi mweusi ao mweupe unatoka, angalieni enjektere inayodondosha badala ya kupuliza. Ikigonga kwenye silinda zote tangu siku pompi ilipofunguliwa, pompi imerudishwa na kuwahishwa kupita kipimo. Na kama kuna aliyeongeza esanse kidogo ndani ya mazutu "ili ikimbie", aache: mazutu ya namna hiyo inachelewa kuwaka, halafu inawaka yote kwa mara moja, na ndiyo maana inagonga zaidi. Filtre ya mazutu itolewe maji mara kwa mara, hasa pale tunapochota kwenye mapipa yaliyolala nje wakati wa mvua.

Sasa chuma. Hapa tutakaa kidogo, sababu hapa ndipo motere zinapokufa bure.

Chini ya motere, kila bieli imeshika mhimili mkubwa unaozunguka, na kati yao kuna vipande viwili vyembamba vya chuma laini. Mafundi wanaviita kusine. Kazi yao ni kufa kwanza. Mafuta yakikosekana, yakichakaa ao yakichanganyika na mazutu, kusine inalika, nafasi inapanuka, na bieli inaanza kupiga nyundo kila mzunguko. Sauti yake ni nzito, inatoka chini, inaongezeka motere ikipata moto sababu mafuta yanakuwa mepesi. Unaisikia vizuri ukikanyaga gazi kidogo na kuachilia: ni wakati wa kuachilia ndipo inapojionyesha. Ukisimama hapo, unanunua kusine tu, na pengine kazi ya siku mbili. Ukiendelea mpaka mhimili ukwaruzike, unautoa wote na kuupeleka kwenye tur mjini Goma, na unangoja. Ukiendelea tena, bieli inakatika na kutoboa ubavu wa motere, na pale hakuna fundi. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho kunaweza kuwa safari moja tu.

Lakini si kila tok-tok ni bieli, na tunaomba komite isikubali fundi afungue motere kwa neno la sikio moja. Kuna vipimo ambavyo mwanamemba yeyote anaweza kusimama na kuvitazama. Fundi atoe kurea za mbele, awashe motere sekunde chache tu: sauti ikipotea, ni alternatere ao pompi ya maji. Akanyage embreyaji: sauti ikibadilika, atafute huko nyuma. Achukue turnevisi ndefu, aweke ncha juu ya motere sehemu moja moja na mpini kwenye sikio. Sauti nyepesi ya juu, yenye kwenda polepole kuliko motere, ni supapi zinazoomba reglaji, kazi ya asubuhi moja. Mlio wa kutoboka kwenye mdomo wa eshapma unafanana sana na kugonga, na mara mingi unapungua chuma kikipata moto na kupanuka. Zile Hilux za esanse zenye motere 22R zina ugonjwa wao: viongozi vya plastiki vya cheni ya mbele vinavunjika, na cheni inapiga kifuniko, hasa asubuhi. Yule anayeuza kusine kwa ugonjwa ule anawaibia, ao hajui.

Kipimo kikubwa ni kuzima silinda moja moja. Kwa esanse, fundi anatoa waya wa buji moja kwa koleo lenye mpira, anasikiliza, anarudisha, anakwenda kwa nyingine. Kwa mazutu, analegeza kidogo nati ya bomba la enjektere, motere ikiwa kwenye relanti, kitambaa juu na mkono mbali, sababu mazutu ya pompi inapenya ngozi na kidonda chake ni kibaya sana. Silinda ambayo ukiizima ule mgongo unapungua ao kunyamaza, ndiyo yenye shida. Kwa mazutu bado kuna swali moja: ni bieli ao ni enjektere? Badilisha enjektere ya silinda ile na ya jirani. Sauti ikihama pamoja na enjektere, mumeokoa motere kwa bei ya enjektere. Sauti ikibaki pale pale, sasa mwageni mafuta.

Mafuta yamwagwe katika beseni safi, na hapa watu wa Walikale na Rubaya hawahitaji mwalimu. Munaojua kuosha mchanga kwenye karai na kutenganisha kasiterite, fanyeni vile vile: acheni mafuta yatulie, mwageni ya juu polepole, angalieni kinachobaki chini kwenye jua. Mkiona vumbi linalong'aa, pitisheni sumaku ya spika ya radio ya zamani. Chembe zinazoshika ni chuma cha kawaida. Chembe zinazong'aa na hazishiki, za rangi ya fedha ao ya shaba, mara mingi ndizo kusine inayokwisha. Sasa, na sasa tu, fundi apewe ufunguo.

Jambo la taa nyekundu ya mafuta kwenye tablo tunaliweka peke yake. Geuzeni kontakti mbele ya kuwasha: taa lazima iwake, halafu izime motere ikishika. Kama haiwaki kabisa, haina maana mafuta ni mazuri, ina maana taa imekufa. Tumeona gari ambazo taa ilifunikwa kwa kipande cha karatasi ya kunata sababu ilikuwa inasumbua macho usiku.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya vyuma, na fundi mzuri anajua yote haya kutupita. Lile ambalo sisi tunaliona, kwa kuketi katika mikutano yenu, ni kwamba motere zinauawa na hesabu ya mshahara. Katika makoperative mingi shofere analipwa kwa safari. Akifika, anakula. Akisimama kati ya Kibua na Walikale sababu amesikia mgongo, anakosa franga, anatukanwa na wenye mizigo, na pengine analala porini na watu kumi juu ya magunia, mahali ambapo kulala kuna hatari yake ambayo wote munaijua. Kwa hiyo anaongeza sauti ya radio na anaendelea. Halafu mkutano unamhukumu kwa kuua motere. Tunaona si haki, na zaidi ya hapo, si akili. Kwa kulinda safari moja ya shofere, koperative ingeweza kulinda gari yote.

Tunapendekeza iandikwe katika reglema ya ndani: shofere akisimamisha gari sababu taa nyekundu imewaka ao motere inagonga hata akipunguza gazi, analipwa safari ile nzima, na hakuna mwanamemba, hata prezida, mwenye ruhusa ya kumuamuru aendelee. Mizigo ihamishwe kwa gari ingine, kwa piki-piki, kwa chukudu pale mteremko unaporuhusu, na kesi ya usafiri ilipe. Tumesikia jibu: "Mashofere watadanganya." Wengine watadanganya, ndiyo. Lakini vipimo tulivyoeleza vinafanyika mbele ya watu, na shofere anayesimama bure mara tatu atajulikana haraka kuliko mhimili uliokwaruzika.

Pendekezo la pili ni kaye. Kaye ya kawaida ya mtoto wa shule, inayokaa ndani ya gari: tarehe, kilometa, mafuta yaliyoongezwa na kiasi gani, esanse ilinunuliwa wapi, sauti gani ilisikika na wapi. Motere iliyokuwa inaomba lita moja kwa mwezi na sasa inaomba kila juma inawaambia kitu mbele ya kugonga. Bila kaye, kila shofere mupya anaanza sifuri, na kila fundi mupya anawauzia hadithi yake.

Na kwa miradi inayotoa magari, tuseme wazi: kamionete inayotolewa kwa sherehe, na picha, na hotuba, bila mstari hata mmoja wa bajeti kwa mafuta, filtre na kurea, ni zawadi ya miaka miwili. Makoperative yakatae kutia sinyatire mpaka mstari ule uonekane. Mtoaji mwenye nia nzuri atakubali, hata kama atapunguza sherehe.

Tukimaliza, neno kwa wale wanaojitayarisha kununua gari iliyokwisha tumika mjini Goma kisha mavuno. Nendeni asubuhi mapema, na mjulishe muuzaji kwamba motere isiwashwe mbele yenu kufika. Wekeni mkono juu ya motere: ikiwa ya vuguvugu, kuna sauti ya baridi ambayo hakutaka muisikie. Vuteni kile kijiti cha kupimia mafuta: mafuta mazito kama asali, mazito kupita yale ya kawaida, mara mingi yamewekwa ili kuficha mgongo kwa siku chache. Halafu ibebeni mzigo, muipandishe, muipate ya moto kabisa, muisikilize wakati shofere anaachilia gazi. Muuzaji akisema hakuna wakati wa yote hayo, rudini nyumbani na franga yenu.